Samaki wa Kule Mpakani

Tangu ahame kutoka mpakani, Kasmir hakupata kumsifu samaki hata mmoja. Wa soko la Feri, alisema, wana chumvi kabla hujawatia chumvi. Wale wa kwenye maboksi ya barafu, wanaoshushwa Kariakoo na maandishi ya Kichina ubavuni, aliwaita karatasi yenye miiba. Na hakuyasema hayo kwa hasira. Aliyasema kwa upole, akitikisa kichwa, kama daktari anayemwonea huruma mgonjwa ambaye bado hajaambiwa.

Alikuwa sajinitaji mstaafu, mtu wa Rombo, mrefu, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kola. Kutwa alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa duka la vyombo vya jikoni, Mtaa wa Sikukuu. Duka lilikuwa la mkewe, Josepha. Alilianzisha kwa ndoo na vikombe juu ya turubai wakati mumewe yuko jeshini, akalisukuma mwaka hadi mwaka mpaka likawa duka la jumla ambalo watu wa mikoani hulitafuta kwa jina. Kasmir hakuwa na kazi humo isipokuwa kudharau, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii. Wamachinga aliwadharau kwa kelele zao, wapagazi kwa kusukuma mkokoteni kama wanaokimbizwa na polisi, na wenye maduka wenzake kwa vitambi.

Siku moja mama lishe mmoja aliinua sufuria, akaligeuza huku na huku, akauliza, "Hili samaki mzima anaenea?"

"Inategemea ni samaki gani," Kasmir akamjibu kutoka mlangoni. "Kama ni hao wenu wa hapa, chukua kikaango cha mayai. Ataenea na nafasi ya kugeuka itabaki."

"Kasmir," Josepha alisema bila kuinua macho, "mwache mteja anunue."

Lakini mteja alikuwa ameshaingia mtegoni. Alikosea akauliza samaki wa wapi basi ndio wakubwa, na Kasmir akavuta pumzi.

Alimweleza kama alivyowaeleza wote. Juu kabisa, kaskazini-magharibi mwa nchi, ukishavuka daraja la Kagera, kulikuwa na kambi ambako alipangiwa kazi akiwa kijana. Karibu na kambi lilikuwepo ziwa dogo, limezungukwa na mafunjo marefu kuliko mtu. Jumapili baada ya misa, wasiokuwa zamu waliruhusiwa kutoka, na watatu kati yao walikuwa na safari moja tu: Kasmir mwenyewe, Eliasi wa Masasi, na Samson wa Songea, ambaye sasa ni marehemu. Waliazima mtumbwi kwa mzee mmoja wa kijijini. Walichimba minyoo chini ya migomba, kwenye udongo mweusi unaobaki kwenye kucha wiki nzima. Asubuhi ukungu ulilala juu ya maji mpaka humwoni aliyekaa mbele yako, unamsikia tu Samson akiimba besi ya kwaya, wenzake wakimwambia anyamaze samaki wanahama. Kisha mshipi unakaza kidoleni. Hapo Kasmir alinyanyua kidole chake cha shahada na kukitazama, kana kwamba mshipi bado upo.

Samaki walivingirishwa kwenye jani la mgomba pamoja na limau, wakabanikwa palepale ufukweni. "Sato mmoja," alisema, "watu watatu hatummalizi. Nyama tamu, haina haja ya chumvi." Halafu ilikuja habari ya kambale aliyeukokota mtumbwi ziwa zima, wao wote watatu ndani, mpaka Kasmir alipomtuliza kwa mikono yake.

Mama lishe alinunua sufuria dogo, akaondoka.

"Watu wa mjini," Kasmir alisema. "Hawajawahi kuona kitu."

Josepha alikuwa ameshaisikia habari ya kambale mara nyingi kuliko mahubiri ya Krismasi. Mwanzoni kambale huyo alikuwa mrefu kama mkono. Akaja akawa kama paja, na siku hizi alikaribia kuwa na umri wa kupiga kura. Josepha hakuwahi kubisha. Aliuliza tu, kila mara, kama kuna mtu mwingine aliyemwona.

Kwa hiyo Eliasi alipopiga simu kusema anakuja Dar kutibiwa macho, Kasmir alifurahi kuliko ndugu wa mgonjwa anavyopaswa kufurahi. Eliasi hakurudi kwao Masasi alipoacha jeshi. Alioa Mhaya, akabaki hukohuko mpakani na migomba yake. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho moja na kuanza kulinyemelea la pili, na daktari wa huko alimwandikia aje mjini kufanyiwa upasuaji.

"Anakuja shahidi," Kasmir alimwambia mkewe.

"Tutamsikia," Josepha alisema, na alfajiri ya siku aliyofika mgeni akaenda Feri mwenyewe kumtafutia samaki.

Eliasi alishuka stendi ya Mbezi na mkungu wa ndizi uliozungushiwa gunia, mtu mfupi, mnene kidogo, uso umeinuliwa juu kama wanavyofanya watu wanaosikiliza zaidi ya wanavyoona. Alimtambua Kasmir kwa sauti.

"Koplo," alisema, akacheka.

Kasmir alistaafu akiwa sajinitaji na hakuna aliyethubutu kumwita koplo kwa miaka mingi. Alitaka kusahihisha, akaacha. Alimkumbatia.

Usiku ule Josepha aliweka mezani changu wa kupaka, nazi nzito, wali na mchicha. Eliasi alimla samaki kwa vidole, taratibu, akipapasa miiba na kuipanga pembeni ya sahani. Alimaliza na kichwa.

"Shemeji," alisema, "sijala samaki kama huyu tangu nizaliwe."

Kasmir aliweka chini kijiko. "Unamfanyia adabu tu. Huyo ana ladha ya pantoni. Mwambie Josepha habari ya wale wa kule. Mwambie habari ya kambale."

"Kambale yupi?"

"Aliyetukokota."

Josepha alijiegemeza kwenye kiti, akapangusa mikono, akangoja. Eliasi aligeuza uso wake upande wa Kasmir, kisha upande wa Josepha, akameza wali uliokuwa umeshamezwa.

"Alikuwa mkubwa," alisema kwa heshima. "Shemeji, kama kuna mchuzi umebaki, nisingekataa."

Kasmir alikwenda kulala akiamini mwenzake amechoka na safari. Josepha alikwenda kulala akitabasamu.

Tarehe ya upasuaji ilikuwa wiki iliyofuata, na huyo ndiye Eliasi, hawezi kukaa bure. Hapo ndipo Allen alipojitokeza. Allen alikuwa mdogo wake Josepha, muuza mapazia kwa jumla Mtaa wa Kongo, mchangamfu, mwenye gari jeupe na marafiki wengi. Yeye na wafanyabiashara wenzake walikuwa wamezuka na mchezo mpya: Jumamosi walivuka kwenda Kigamboni, kwa mtu anayefuga samaki, wakakaa kando ya bwawa na fimbo za kuvulia walizoagiza Guangzhou, Uchina, pamoja na mzigo wa dukani.

"Shikamoo mzee," Allen alimwamkia Eliasi pale dukani.

"Marahaba, baba."

"Nasikia nyie na shemeji mlikuwa wavuvi hatari kule juu. Jumamosi twendeni wote. Mtatufundisha."

"Bwawa hilo," Kasmir aliuliza, "lina ukuta?"

"Lina ukuta ndiyo. La saruji."

"Basi siyo kuvua. Hao ni mahabusu."

Allen alicheka, maana alizoea. Eliasi alisema atakwenda. Kasmir akasema hawezi kumwacha mgonjwa mikononi mwa wauza mapazia, na ndivyo alivyokubali naye, huku akionekana kama amelazimishwa na jeshi.

Bwawa lilikuwa refu na la kijani, na maturubai ya kivuli yamefungwa kwenye nguzo. Kulikuwa na viti, kulikuwa na jiko la kuchomea, kulikuwa na muziki. Wale wenzake Allen walikuwa wamevaa kofia pana na makoti yenye mifuko mingi isiyokuwa na kitu ndani. Mmoja wao, Mudi, muuza viatu, mtu wa mzaha, alimletea Kasmir fimbo inayong'aa, na rola ya kukunjia mshipi iliyolia kama saa ya ukutani.

"Hii inafanya kazi gani?" Kasmir aliuliza, akiishika kwa vidole viwili.

"Kukunja mshipi, mzee."

"Na mikono yako inafanya kazi gani?"

Wakacheka. Kasmir hakucheka. Akaikataa fimbo, akakaa mikono ameikunja kifuani, akaanza kazi yake. Kila aliyetupa mshipi alipewa neno. Huyu anatupa kama anayefukuza kuku. Yule chambo chake ni mkate, yaani samaki amealikwa chai. Samaki alipotoka, sato wa kiasi, wa rangi ya kijivu, akashangiliwa na kupigwa picha, Kasmir alisema, "Mwachieni akamalizie shule." Mara ya kwanza walicheka. Mara ya tano kicheko kilikuwa kimepungua. Mudi akahamisha kiti chake upande wa pili.

Eliasi wakati huo alikuwa amekaa ukingoni kabisa, viatu amevua, suruali ameikunja. Alikataa fimbo, lakini kwa sababu nyingine: aliomba apewe mshipi mtupu usio na fimbo, akauzungushia kwenye kidole. Hakuhitaji kuona. Alisubiri, uso juu, na alipovuta, samaki alikuwepo. Allen alimtolea ndoano, akamtia chambo tena, na kila samaki alipokuja Eliasi alimpapasa kutoka kichwani hadi mkiani na kutabasamu.

"Wazuri hawa," alisema. "Wamenona."

"Wamenona pumba," Kasmir alisema.

Allen alikuja na sahani. Alikuwa amemchagua samaki mkubwa kuliko wote, amemchoma kwa ndimu na pilipili, na amemzungushia jani la mgomba, maana aliwahi kumsikia shemeji yake akieleza. Alikuwa amelikata jani hilo kwenye shamba la jirani na kuliombea ruhusa. Aliiweka sahani mbele ya Kasmir kwa mikono miwili.

Kasmir alifungua jani, akamega kipande, akatafuna kidogo, akairudisha sahani.

"Umejitahidi," alisema. "Lakini kule kwetu huyu tulikuwa tunampa mbwa."

Muziki uliendelea. Allen alisimama na ile sahani mkononi. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema, "Sawa, shemeji," akaipeleka kwa wenzake. Tangu hapo mpaka mwisho hakumkaribia tena.

Eliasi alikuwa ameacha kuvua. "Koplo," aliita. "Njoo ukae hapa."

Kasmir alikwenda, akachutama pembeni yake.

"Mbwa gani huyo?" Eliasi aliuliza.

"Nini?"

"Kule kambini. Tulikuwa na mbwa gani wa kupewa samaki?"

"Ni namna ya kusema tu."

"Mimi nakumbuka njaa," Eliasi alisema. Aliongea taratibu, mshipi ukiwa bado kidoleni. "Gari la chakula lilikuwa linakwama kwenye matope, tunakula maharage ya jana na ya juzi. Tulienda ziwani kwa sababu hiyo. Na mbu. Unakumbuka mbu? Samson aliugua malaria mara ngapi."

"Nakumbuka."

"Na wewe, unakumbuka ulikuwa unasema nini kule?"

Kasmir alikung'uta vumbi kwenye suruali yake.

"Nitakwambia, maana mimi nilikuwa nakaa nyuma yako. Ulikuwa unasema hili ziwa ni dimbwi. Ulikuwa unasema sato ana harufu ya matope. Unapiga kasia, unasema, 'Ningekuwa Dar saa hizi niko Feri nachagua changu.' Kila Jumapili. Changu, kolekole, nguru, tukakariri majina yao mimi na Samson bila kuwaona. Josepha aliponiwekea changu usiku ule, nilisema moyoni, kumbe ndiye huyu."

"Na kambale?"

"Kambale alimvua Samson. Alikuwa hivi." Eliasi alionyesha kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. "Ukasema anafanana na nyoka, tumrudishe majini. Tukamla sisi, wewe ukala maharage."

Ng'ambo ya bwawa mtu alivua samaki, wenzake wakampigia makofi. Kasmir aliyatazama maji. Alitaka kusema mwenzake anasahau, uzee umempata, macho yameharibika na kichwa nacho. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini picha ilishakuja, na ilikuja na kila kitu: magoti yake yaliyolowa, tumbo likinguruma, harufu ya matope kwenye samaki, naam, harufu ileile, na sauti yake mwenyewe, ya kijana, ikinung'unika kwenye ukungu bila kupumzika.

Akaona aibu, kitu ambacho hakikumzoea na kilikaa vibaya mwilini mwake. "Sasa kwa nini mlikuwa mnanichukua?" aliuliza mwishowe. "Kila Jumapili. Si mngeniacha kambini."

"Nani angepiga kasia?" Eliasi alisema. "Halafu ulikuwa unatuchekesha, Koplo. Samson alikuwa akigeuka kule mbele, wewe unadhani anaangalia chambo. Alikuwa anacheka. Usiku bwenini anakuigiza, watu wanajishika mbavu. Tulikuwa mbali na nyumbani, tuna njaa, lakini tulikuwa na wewe wa kulalamika kwa niaba yetu wote. Siku uliyohamishwa Samson alisema ziwa sasa litakuwa kimya mno. Hatukwenda tena mara nyingi baada ya hapo."

Kasmir alikaa chini kwenye saruji, na suruali yake yenye mstari. Walipoitwa kwenye gari akainuka, na kwenye pantoni, ambako kwa kawaida alikuwa na maoni juu ya nahodha, juu ya injini na juu ya abiria, alisimama kwenye ukingo wa chuma akitazama mji ukikaribia.

Jicho la Eliasi lilifanyiwa upasuaji Jumatano, likaenda salama. Alirudi kwa Josepha na kitambaa cheupe jichoni, akapewa kitanda cha karibu na dirisha na supu kila anapogeuka. Kasmir alirudi kwenye kiti chake mlangoni. Mteja mmoja alimuuliza kama sufuria fulani linafaa kwa samaki, akasema, "Linafaa." Josepha aliacha kuhesabu vifuniko, akamtazama mumewe, akamuuliza kama anasikia homa.

"Mdogo wako kasema nini?" Kasmir aliuliza.

"Hajasema kitu."

"Hata kidogo?"

"Allen hasemi. Lakini jana sikumwona kuja kunywa chai, na huwa anakuja kila siku."

Kasmir alikaa na jambo hilo asubuhi nzima. Baada ya adhuhuri alinyanyuka, akapiga pasi shati lake kwa kiganja, akavuka Msimbazi kati ya mikokoteni mpaka Mtaa wa Kongo. Duka la Allen lilijaa wateja, mapazia yananing'inia kutoka juu hadi chini, ya maua, ya mistari, ya dhahabu. Allen alimwona, akasema, "Karibu, shemeji," akaendelea kupima kitambaa.

Kasmir alisimama. Neno alilolijia halikuwa rahisi kutoka; hakuwa na mazoea nalo. Akashika pazia lililokuwa karibu.

"Hili kitambaa chake chepesi," alisema.

"Ni chepesi ndiyo. Wanalipenda hivyo."

"Na pindo limeshonwa kilevi."

Allen aliweka chini futi yake. "Shemeji, umekuja kunifundisha mapazia?"

"Hapana." Kasmir aliliachia pazia. Akatazama nje, akatazama dari. "Lile jani," alisema. "Lile ulilomzungushia samaki. Umelifunga vizuri. Kule tulikuwa tunalifunga ovyo, majivu yanaingia."

Mteja aliomba kuhudumiwa, Allen akamwambia asubiri.

"Jumamosi mnatoka saa ngapi?" Kasmir aliuliza.

"Mapema. Lakini kiti cha mbele nimempa Mzee Eliasi. Daktari kamruhusu, mradi asilowanishe jicho. Wewe utakaa nyuma na Mudi."

"Na Mudi."

"Na Mudi. Na yeye ana maneno yake ya kukwambia."

"Nyuma kwenyewe gari lako halina nafasi ya miguu," Kasmir alisema, na Allen, ambaye hakutaka, akacheka.

Jumamosi hiyo Mudi alisema maneno yake njia nzima, na Kasmir aliyasikiliza, magoti yakiwa karibu na kidevu. Bwawani aliomba mshipi mtupu, akauzungushia kidoleni, akakaa ukingoni pamoja na mwenzake. Alivua sato wawili. Alisema wana harufu ya matope, na fimbo za Guangzhou zinawatisha, na muziki ule ungemfukuza hata mamba. Eliasi, jicho moja chini ya kitambaa, alikuwa amegeuza uso upande mwingine, mabega yakimtikisika. Kasmir alimwona safari hii. Akaongeza neno juu ya kofia ya Mudi, kwa makusudi, kisha akawala samaki wote wawili mpaka mikia.